Usaha wa sikio usiouma unavyohatarisha maisha ya mtu mzima

KUANZIA kwenye maghala ya Mbaraki hadi kivuko cha Likoni, si ajabu kukutana na mtu mzima aliyejiziba sikio moja kwa kipande cha pamba. Akiulizwa, hueleza kwamba sikio hilo limekuwa likitoa maji tangu utotoni, haliumi, na yeye amekwisha kulizoea. Akiingiwa na mafua hulowa zaidi, kisha hukauka, na baada ya miezi kadhaa huanza tena.

Wataalamu wa masikio, pua na koo huyasikia maelezo hayo kwa wasiwasi. Maambukizi ya sikio la kati kwa kawaida huhesabiwa kuwa maradhi ya watoto, na ni kweli kwamba watoto ndio wanaougua mara nyingi zaidi. Lakini mtu mzima anayetokwa na usaha sikioni kwa miaka hubeba hatari ya aina nyingine: ugonjwa unaokula mfupa polepole, bila maumivu, mpaka siku unapofika mahali usipopaswa kufika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watu wapatao 21,000 duniani hufariki kila mwaka kutokana na madhara ya maambukizi ya sikio la kati, na kwamba watu milioni 31 hupatwa upya na hali sugu ya kutokwa na usaha. Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Chumba kidogo chenye majirani wakubwa

Ili kuielewa hatari hii, yafaa kwanza kulijua sikio la kati lenyewe. Hiki ni chumba kidogo cha hewa kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio. Ndani yake mna mifupa mitatu midogo kuliko yote mwilini, ambayo kwa maumbo yake hulinganishwa na nyundo, fuawe na kikuku cha mpanda farasi. Kazi ya mifupa hiyo ni kuipeleka sauti kutoka kwenye kiwambo hadi sikio la ndani. Chumba hicho hupata hewa kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, na ndiyo sababu mafua na makohozi huweza kupanda mpaka sikioni.

Dari ya chumba hicho ni bamba la mfupa jembamba mno, na juu yake umekaa ubongo. Nyuma yake mna mfupa ule mgumu unaoweza kuupapasa nyuma ya sikio, uitwao mastoidi, ambao ndani yake una vishimo vingi vya hewa mfano wa sega la nyuki. Kandokando ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani. Neva inayotikisa misuli ya uso nayo hukatiza humo humo, ndani ya mfereji wa mfupa ambao kwa baadhi ya watu una nyufa tangu kuzaliwa. Usaha ukifungiwa ndani ya chumba chenye majirani kama hao, hutafuta pa kutokea.

Maambukizi ya ghafla, yale yanayokuja na homa na maumivu makali, mara nyingi hukoma kiwambo kinapotoboka na usaha kutoka. Hali sugu ni tofauti. Hapo tundu la kiwambo halizibi, na usaha hutoka kwa majuma, miezi au miaka. Kwa wagonjwa wengine tundu liko katikati ya kiwambo na hatari yake si kubwa. Kwa wengine ngozi iliyostahili kubaki nje ya kiwambo huingia ndani, ikajikusanya kama uvimbe wa tabaka za ngozi iliyokufa. Madaktari huuita uvimbe huo kolesteatoma. Si saratani, lakini hula mfupa wowote uliopakana nao. Dalili yake kubwa ni usaha mchache wenye harufu mbaya usiokoma hata kwa dawa, pamoja na kusikia kunakopungua mwaka hadi mwaka. Mfanyakazi wa bandarini huenda akadhani anaziwishwa na kelele za mitambo, na huenda kweli kelele zina sehemu yake, lakini kelele hazitoi usaha.

Homa inayodhaniwa kuwa malaria

Katika mwambao wa Pwani, mtu mzima akishikwa na homa kali ikifuatana na baridi na kutetemeka, wazo la kwanza huwa malaria. Wazo hilo lina msingi. Hata hivyo, kuna dhara moja la sikio linalofanana na malaria kiasi cha kuwapotosha hata wahudumu wa afya wenye uzoefu.

Maambukizi yanapoupenya mfupa wa mastoidi na kuufikia ule mshipa mkubwa wa damu, damu huganda ndani ya mshipa na donge hilo huingiwa na vijasumu. Kila vipande vya donge vinapomeguka na kuingia katika mzunguko wa damu, mgonjwa hutetemeka, homa hupanda ghafla, kisha hushuka kwa jasho jingi. Baada ya saa kadhaa huanza upya. Kwenye karatasi ya vipimo homa hiyo huchorwa kama meno ya msumeno. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria, hupata nafuu ya siku moja kwa sababu homa yenyewe ina kawaida ya kushuka, kisha hurudi akiwa hoi. Kichwa huuma, shingo huuma upande wa sikio bovu, na kuona huanza kuwa na ukungu kwa sababu mgandamizo ndani ya fuvu umezidi.

Hata kipimo cha damu kikionyesha vimelea vya malaria, jambo hilo halitoshi kuliondolea sikio lawama, kwa kuwa mtu aweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja. Swali linaloweza kumwokoa mgonjwa ni fupi: je, sikio lako limewahi kutoa usaha? Wagonjwa wengi hawalitaji wenyewe, maana kwao sikio si sehemu ya homa. Jamaa anayemsindikiza mgonjwa na kuikumbuka ile pamba ya sikioni amtajie daktari bila kungoja kuulizwa.

Uso kupinda na dunia kuzunguka

Mbaraki inajulikana na wengi kwa mnara wake wa matumbawe, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 18 kando ya msikiti mkongwe zaidi. Mnara huo umebeba sifa ya kuwa makao ya pepo, na kwa vizazi watu wamekwenda pale na ubani na marashi kuomba haja zao. Hakuna haja ya kuikejeli imani ya mtu, lakini zipo dalili mbili za ugonjwa wa sikio ambazo mara nyingi hudhaniwa kuwa kazi ya jini au upepo mbaya, na siku zinazopotea kwa dhana hiyo ni siku ghali.

Ya kwanza ni uso kupinda. Mgonjwa huamka na kuona mdomo umevutwa upande mmoja, jicho la upande wa pili halifumbi, na maji anayokunywa yanamchuruzika kidevuni. Kiharusi nacho hupindisha uso, ila aghalabu hukiacha kipaji, yaani mgonjwa bado aweza kukunja paji la uso pande zote mbili. Neva ya uso inapodhuriwa ndani ya sikio, paji nalo hulala. Uso ukipinda kwa mtu ambaye sikio la upande huo linatoa usaha, madaktari hulichukulia sikio kuwa ndilo chanzo mpaka ithibitike vinginevyo. Hapo neva inabanwa au inaliwa. Ikifunguliwa mapema, matumaini ya uso kurudi ni mazuri. Ikiachwa kwa majuma mengi, hupungua sana.

Ya pili ni kizunguzungu kikali, kile ambacho mtu huona kuta na dari zinazunguka, akatapika na kushindwa kusimama. Kiungo cha mizani ya mwili kimo katika sikio la ndani, na kolesteatoma hupenda kutoboa mrija wake mmojawapo. Ishara ya pekee ni kizunguzungu kinachozuka mgonjwa anapokibonyeza kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, au anaposikia mlio mkubwa. Maambukizi yakipenya kupitia tundu hilo, usikivu wa sikio hilo waweza kupotea wote, na haurudi.

Uvimbe nyuma ya sikio ni dalili iliyo wazi zaidi na haihitaji maelezo marefu: ngozi huwa nyekundu, yenye joto na inauma ikiguswa, na sikio husukumwa mbele na chini. Huo ni usaha ndani ya mastoidi. Kwa watu wazima usaha huo mara nyingine hutokea chini, kwenye ncha ya mfupa, ukajikusanya ndani ya misuli ya shingo, kwa hiyo mgonjwa huja akilalamikia jipu la shingo wala halitaji sikio. Daktari Mjerumani Friedrich Bezold ndiye aliyelieleza jipu la aina hiyo mwaka 1881, na hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Maambukizi yanapopanda ubongoni

Kati ya madhara yote, yanayoua zaidi ni yale yanayovuka dari ya sikio. Homa ya uti wa mgongo ni mojawapo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2004 ulifuatilia visa 696 vya ugonjwa huo unaoletwa na bakteria kwa watu wazima, na katika robo ya visa hivyo mgonjwa alikuwa na maambukizi ya sikio la kati au ya mianzi ya pua. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba zile dalili tatu zinazofundishwa vyuoni, yaani homa, shingo kukakamaa na fahamu kuvurugika, zilionekana kwa pamoja katika asilimia 44 tu ya visa. Basi kungoja shingo ikakamae ndipo mgonjwa apelekwe hospitalini ni kungoja kupita kiasi. Maumivu ya kichwa yasiyo ya kawaida, homa na kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye sikio bovu yatosha kuwa dharura.

Jipu la ubongo lina hila kubwa zaidi. Mwanzoni mgonjwa huumwa kichwa na kupata homa kwa siku chache. Kisha hali hutulia, pengine kwa majuma, wakati jipu linapojijengea ukuta. Mgonjwa hurudi kazini, na nyumbani hushukuru kwamba yamepita. Jipu linapokua ndipo kichwa kinapouma tena, sasa kikiuma zaidi alfajiri, pamoja na kutapika, kusinzia mchana na kifafa kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nacho. Kwa kuwa jipu hukaa upande wa ubongo ulio juu ya sikio, wengine hupoteza maneno: mtu hukiona kijiko, anajua kazi yake, lakini jina lake halimjii. Likiwa nyuma, kwenye sehemu inayoratibu miendo, mgonjwa hupepesuka kama mlevi, na bahati mbaya huchukuliwa kuwa mlevi.

Kisa cha mtu mashuhuri husaidia kuonyesha kwamba elimu na jina havimkingi mtu. Mwandishi Oscar Wilde alifariki jijini Paris tarehe 30 Novemba 1900 akiwa na umri wa miaka 46. Sikio lake lilikuwa likimsumbua kwa miaka, alifanyiwa upasuaji ndani ya chumba chake cha hoteli mwezi Oktoba mwaka huo, na maambukizi yakaingia ubongoni. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba aliuawa na kaswende, mpaka madaktari wawili wa Cape Town, Afrika Kusini, walipochapisha makala mwaka 2000 wakieleza kwamba ushahidi unaelekea kwenye ugonjwa sugu wa sikio. Kinachosikitisha ni kwamba baba yake, Sir William Wilde wa Dublin, alikuwa miongoni mwa wapasuaji wakubwa wa masikio wa zama zake. Kitabu chake cha mwaka 1853 kiliwaonya madaktari wasilidharau sikio linalotoa usaha. Baba alifariki mwaka 1876, na mwana akafa kwa maradhi yale yale.

Matibabu na makosa ya nyumbani

Wakati wa Wilde dawa za kuua bakteria hazikuwapo. Leo zipo, na Kenya yenyewe imechangia kuujulisha ulimwengu zitumike vipi. Jaribio lililofanywa katika shule za msingi za Kiambu na kuchapishwa mwaka 1996 liliwahusisha watoto 524 wenye masikio yanayotoa usaha. Waliokaushwa masikio tu kwa kitambaa walipona kwa asilimia 22, sawasawa na wale ambao hawakutibiwa lolote. Waliokaushwa masikio kisha wakapewa matone na dawa ya kumeza walipona kwa asilimia 51. Katika jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2005, wanafunzi 39,841 nchini Kenya walipimwa ili kuwapata wagonjwa 427. Matone ya siprofloksasini yaliyakausha masikio ya asilimia 59 katika majuma mawili, na matone ya asidi ya boriki yakafikia asilimia 32. Waliochunguzwa walikuwa watoto, lakini vijasumu vya hali sugu havitofautiani sana kwa watu wazima, na kanuni ni ile ile: kulikausha sikio ni lazima ili dawa ifike, ila kukausha pekee hakuponyi.

Kukausha hufanywa kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa kama utambi. Huingizwa taratibu, huachwa kinyonye, hutolewa na kutupwa, kisha kingine huingizwa mpaka kitoke kikavu. Njiti ya kiberiti, kalamu, pini na unyoya wa kuku havina kazi sikioni. Vivyo hivyo mafuta yaliyopashwa moto na maji ya kitunguu thaumu: kiwambo kikiwa kimetoboka, vitu hivyo huingia moja kwa moja katika chumba kilichokwisha kujaa vijasumu.

Hata matone ya dukani yana hatari yake. Matone yenye gentamisini au neomisini yaweza kulidhuru sikio la ndani yakipita kwenye tundu la kiwambo, na mgonjwa akaishia na uziwi uliotokana na dawa. Anayenunua matone bila kuchunguzwa hawezi kujua kama kiwambo chake ni kizima.

Baadhi ya watu wazima huhitaji uangalizi wa ziada. Wenye kisukari na wanaoishi na virusi vya Ukimwi hupatwa na madhara upesi zaidi, pengine bila homa ya kuwashtua. Kifua kikuu nacho hushambulia sikio: usaha hauumi, kiwambo huwa na matundu zaidi ya moja, na uso huweza kupinda mapema. Usaha usiosikia dawa za kawaida kwa mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu unastahili kupimwa kifua kikuu. Jambo la mwisho katika mlango huu ni mtu mzima ambaye sikio lake moja limejaa maji na kuziba bila mafua, na haliachi. Mrija wa sikio huishia nyuma ya pua, na uvimbe wa saratani mahali hapo huweza kuuziba. Kwa hiyo daktari atataka kuchungulia nyuma ya pua, na mgonjwa asione kwamba ametibiwa mahali pasipouma.

Kwa mwenye usaha wa zaidi ya majuma mawili, zahanati au kliniki yoyote inafaa kwa kuanzia, kisha aombe rufaa kwa mtaalamu asipopata nafuu. Mwenye dalili mojawapo ya hizi asingoje kesho: uso kupinda, kizunguzungu cha kutapika, uvimbe nyuma ya sikio au shingoni, homa ya kutetemeka, maumivu makali ya kichwa, kuona vitu viwili viwili, kifafa au kuvurugika kwa fahamu. Wakazi wa Mbaraki hawana haja ya kuvuka maji, kwani Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani iko kisiwani humo humo. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa, hupewa dawa za mshipani, hupigwa picha ya skani ya CT ili ijulikane ugonjwa umefika wapi, na palipo na jipu la ubongo mpasuaji wa ubongo huitwa pamoja na yule wa masikio.

Operesheni ya kolesteatoma hufanywa kwa kukata nyuma ya sikio na kuuchimba mfupa wa mastoidi mpaka ugonjwa wote uondoke. Shabaha ya kwanza ni kulifanya sikio liwe kavu na salama, na kusikia huja baada ya hapo. Mifupa iliyokwisha kuliwa huweza kutengenezwa upya baadaye, au mgonjwa akapewa kifaa cha kusikilizia. Kolesteatoma ina tabia ya kurudi, kwa hiyo sikio huchunguzwa kwa miaka mingi, na wale walioachiwa uwazi ndani ya mfupa husafishwa na daktari kila miezi sita au mwaka.

Maji hubaki kuwa adui katika muda wote huo. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa vaselini huziba tundu la sikio vya kutosha. Mwenye kutawadha hana shida akipangusa sikio kwa kidole chenye unyevu kisichotiririka. Kupiga mbizi baharini hukatazwa mpaka daktari aseme vingine, na kwa kijana aliyekulia kando ya hori la Mbaraki, hilo huenda likawa sharti gumu kuliko operesheni yenyewe.